Darubini Kubwa ya Angani na Somo Lake kwa Mtafuta Kweli

Kurani Tukufu haikumwamuru mwanadamu afumbe macho ndipo aamini. Katika Sura Al-Mulk mwanadamu anaitwa aitazame mbingu, kisha arudie kuitazama, atafute kama ataona kasoro yoyote ndani yake. Na katika Sura Aal Imran wenye akili wanasifiwa kwa mambo mawili kwa pamoja: ya kwanza, kwamba humkumbuka Mwenyezi Mungu katika kusimama kwao, kuketi kwao na kulala kwao, na ya pili, kwamba hufikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mambo haya mawili hayakutenganishwa. Anayedhikiri bila kufikiri ameshika nusu ya sifa hiyo, na anayefikiri bila kudhikiri ameshika nusu ya pili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, habari ya darubini si habari ngeni katika kurasa za dini. Wako vijana wengi wanaoitafuta dini ya kweli, na wengine walioingia katika Islam karibuni tu, ambao huuliza hivi: Ikiwa chombo kilichotengenezwa na mikono ya watu kimefika kuona mwanzo wa nyota, je, bado pana haja ya kumtaja Muumba? Wengine hawaulizi kwa ulimi, bali swali hili huwala moyoni, nao huogopa kulitoa wasije wakaambiwa kwamba imani yao ni dhaifu. Swali kama hili halijibiwi kwa kumkaripia muulizaji. Linajibiwa kwa kueleza. Basi kwanza tutaeleza chombo chenyewe ni nini, kimetengenezwaje na kwa makusudi gani. Halafu tutaona somo linalopatikana ndani yake, nalo si dogo.

NURU NI MJUMBE

Nuru husafiri kwa kasi ya kilometa 300,000 hivi kwa sekunde moja. Ijapokuwa kasi hiyo ni kubwa, mbingu ni pana zaidi. Nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Kwa hiyo jua tulionalo ni jua la dakika 8 zilizopita. Mnamo mwaka 964 mwanafalaki Mwislamu wa Isfahan, Abdul-Rahman as-Sufi, aliandika katika kitabu chake cha nyota habari ya doa dogo mfano wa wingu lililoko katika kundi la nyota la Andromeda. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho yake, subira yake na usiku ulio safi. Leo twajua kwamba doa lile ni galaksi nzima, yaani mkusanyiko wa nyota mabilioni kwa mabilioni, na kwamba nuru yake huchukua miaka milioni 2.5 hivi kutufikia. Nuru iliyoingia katika jicho la as-Sufi ilikuwa imeshika safari kabla hajazaliwa mtu yeyote anayetajwa katika historia.

Basi kutazama mbali ni kutazama zamani. Mwenye kutaka kujua jinsi nyota za kwanza zilivyowaka, na aitafute nuru iliyotoka kwao, maana nuru hiyo ingali njiani, na kila usiku inaifikia dunia yetu.

Lakini hapa pana taabu. Ulimwengu unatanuka. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alilieleza jambo hilo mwaka 1927, na vipimo alivyovitangaza Edwin Hubble wa Marekani mwaka 1929 vikalitia nguvu. Nuru inaposafiri katika ulimwengu unaotanuka, mawimbi yake nayo hunyooshwa yakawa marefu. Nuru iliyotoka ikiwa na rangi ya buluu hufika ikiwa imeelekea wekundu. Na ile iliyotoka mbali kabisa hufika ikiwa imeupita hata huo wekundu, jicho lisiweze kuiona. Mionzi hiyo iliyo nje ya wekundu huitwa infraredi.

Aliyeigundua ni William Herschel, huko Uingereza, mwaka 1800. Aliipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu ikagawanyika katika rangi zake, akawa anapima joto la kila rangi. Akakuta kwamba kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yoyote, kilipanda kuliko vile vilivyowekwa ndani ya rangi. Tangu siku hiyo elimu ya dunia yenyewe imekiri kwamba kutoonekana si kutokuwapo.

ADUI WA DARUBINI

Mionzi ya infraredi hutoka katika kila kitu chenye joto. Mwili wako, ewe msomaji, unaitoa sasa hivi. Ukuta wa nyumba huitoa, na jiwe lililopigwa na jua mchana huitoa usiku kucha. Basi tufikiri: darubini ikitengenezwa ili iione nuru dhaifu ya infraredi kutoka pembe za mbali za ulimwengu, huku chuma chake na vioo vyake vina joto la kawaida, itaona nini? Itajiona yenyewe. Itawaka mbele ya jicho lake yenyewe, na ile nuru ya mbali itazama katika mwako huo, mfano wa mtu atafutaye kimulimuli huku ameshika karabai mbele ya uso wake.

Hii ndiyo sababu darubini ya Hubble, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1990, haikuweza kuimaliza kazi hii, ingawa imetuletea elimu kubwa mno. Kioo chake kina upana wa meta 2.4, nacho huwekwa katika joto kama la chumbani. Mashirika ya anga ya Marekani, Ulaya na Kanada yakashirikiana kutengeneza darubini ya aina nyingine, iliyopewa jina la James Webb, aliyekuwa mkuu wa shirika la NASA tangu mwaka 1961 hadi 1968. Mipango yake ilianza katika miaka ya 1990, gharama zikafika kiasi cha dola bilioni 10, na tarehe 25 Desemba 2021 ikarushwa kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini.

Sasa angalia jinsi walivyopigana na adui huyu aitwaye joto.

Kwanza, waliipeleka mbali. Hubble huizunguka dunia kwa karibu, lakini Webb imewekwa umbali wa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani, katika upande usioelekea jua. Mahali pale palichaguliwa kwa hekima, maana jua, dunia na mwezi, vyote vitatu vyenye kutoa joto, hubaki daima upande mmoja wa darubini. Hivyo kinga moja yatosha kuizuia nuru ya vyote.

Pili, waliitengenezea kinga. Ni mfano wa mwavuli mkubwa wenye urefu wa meta 21 na upana wa meta 14 hivi, kama uwanja wa kuchezea tenisi. Kinga hiyo ina matabaka 5 ya plastiki iliyo nyembamba kuliko unywele, yaliyopakwa alumini. Tabaka la kwanza, linalopigwa na jua, lapata joto la nyuzi 85 hivi za Selsiasi. Upande wa pili, vilipo vioo, baridi hushuka chini ya nyuzi 220 chini ya sifuri. Kati ya moto ule na baridi ile pana umbali wa meta chache tu.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini matabaka 5, lisiwe tabaka moja nene? Jibu ni kwamba kitu kimoja kinene hulipitisha joto kutoka upande hata upande. Matabaka haya hayagusani. Joto linalolipenya la kwanza hukuta nafasi tupu kabla ya kulifikia la pili, likatoka pembeni na kupotelea angani. Na linalopenya la pili hutoka vivyo hivyo, hata inapofika mwisho hubaki kidogo mno.

Tatu, chombo kimoja ndani ya darubini, kinachotazama mionzi mirefu zaidi, hakikutosheka hata na baridi hiyo. Kiliwekewa mtambo wa kupoza unaotumia gesi ya heliamu, ukakishusha chini ya nyuzi 266 chini ya sifuri. Baridi ya mwisho inayowezekana katika maumbile ni nyuzi 273 hivi chini ya sifuri.

Matokeo ya juhudi hii yalielezwa na John Mather, mwanasayansi mkuu wa mradi kwa miaka mingi na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2006, kwa mfano huu: darubini hii ingeweza kutambua joto la nyuki mkubwa mmoja aliye mbali nasi kama ulivyo mwezi. Lakini nguvu hiyo ina sharti. Darubini haiwezi kuligeukia jua hata mara moja. Mwavuli ukigeuka, chombo kitapata joto, na jicho lake litapofuka.

VIOO 18, NYOTA MOJA

Kioo kikuu cha Webb kina upana wa meta 6.5. Hakuna roketi iliyoweza kukichukua kioo cha upana huo kikiwa kizima. Kwa hiyo kiligawanywa katika vioo 18 vyenye pembe sita sita, vya madini mepesi na magumu yaitwayo berili, kila kimoja kikipakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu huirudisha vizuri mionzi ya infraredi. Dhahabu yote iliyotumika ni gramu 48 hivi tu, kwa jinsi ilivyopakwa nyembamba.

Darubini nzima ilikunjwa ndani ya roketi na ikakunjuliwa angani, hatua kwa hatua. Wahandisi walihesabu mahali 344 ambapo kosa moja lingeweza kuiharibu safari yote, wala haikuwezekana kumtuma fundi. Kioo cha Hubble kilikuwa na kosa la kusagwa, na wanaanga wakaenda kukirekebisha Desemba 1993. Lakini Webb iko mbali mno. Hata hivyo kila hatua ilikwenda salama. Kinga ilikamilika kutandazwa tarehe 4 Januari 2022, vioo vikakunjuliwa tarehe 8, na tarehe 24 mwezi huo huo darubini ikafika mahali pake.

Hapo likatokea jambo la kuzingatia. Darubini ilipoelekezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyota moja ya upande wa Dubu Mkubwa, Februari 2022, picha ilionyesha nyota 18 zilizotawanyika ovyo. Kila kioo kilikuwa kinaiona nyota ile ile peke yake, kwa mwelekeo wake. Nyota ilikuwa moja; wingi ulikuwa katika vioo. Mafundi wakavisogeza vioo kwa mota ndogo zilizo nyuma yake, kwa vipimo vidogo kama sehemu moja ya elfu 10 ya unene wa unywele, hata katika mwezi Machi vikawa kama kioo kimoja, na nyota ikaonekana moja.

Mtu akitazama hitilafu za dini duniani na akasema kwamba wingi wa hitilafu ni dalili ya kutokuwapo Mungu, na autafakari mfano huu. Asihukumu idadi ya nyota kabla ya kukagua hali ya vioo.

MAKUSUDI MANNE

Darubini hii ilitengenezwa kwa makusudi makuu manne. La kwanza ni kuitafuta nuru ya nyota na galaksi za mwanzo kabisa. La pili ni kujua jinsi galaksi zilivyokua na kukusanyika hata zikawa kama hii yetu. La tatu ni kuona jinsi nyota na sayari zinavyozaliwa ndani ya mawingu ya vumbi, kwa kuwa infraredi hulipenya vumbi ambalo nuru ya kawaida haiwezi kulipita. La nne ni kuchunguza sayari zinazozunguka nyota nyingine, na hewa iliyozifunika, ili zijulikane hali ambazo zaweza kufaa kwa uhai.

Picha za kwanza zilitolewa tarehe 11 na 12 Julai 2022. Katika mwaka huo huo Webb ilitambua gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa, katika hewa ya sayari iitwayo WASP-39 b, iliyo umbali wa miaka ya nuru 700 hivi. Na mwaka 2024 wanafalaki walitangaza galaksi ambayo nuru yake ilitoka wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka milioni 300 hivi tu. Umri wa ulimwengu leo wakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Ni kama kumtazama mzee wa miaka 90 na kuiona picha yake ya kabla ya kutimiza miaka miwili.

JE, MUUMBA AMEONDOLEWA?

Sasa twaweza kulijibu swali. Wako watu wa makundi mawili waliofanya haraka.

Kundi la kwanza lasema: Tumeuona mwanzo, wala hatukumwona Mungu huko. Hawa wamekosea mara mbili. Kwanza, darubini haikuuona mwanzo wenyewe. Kwa muda wa miaka 380,000 hivi tangu ulimwengu uanze kutanuka, ulikuwa na moto mkali kiasi kwamba nuru haikuweza kupita, mfano wa ukungu mzito. Hakuna darubini ya nuru, hata ikuzwe namna gani, iwezayo kuona nyuma ya ukungu huo. Na Webb yatazama nyakati za baadaye sana, nyota zilipoanza kuwaka. Pili, Islam haikufundisha kamwe kwamba Mwenyezi Mungu ni mwili uliokaa mahali fulani angani, ukingojea darubini yenye nguvu. Sura Al-An'am yaeleza wazi kwamba macho hayamfikii Yeye. Katika sura hiyo hiyo Nabii Ibrahim (a.s.) alihojiana na watu wake kwa nyota, kisha kwa mwezi, kisha kwa jua, akawaonyesha kwamba kila chenye kutua hakifai kuabudiwa. Webb imetuonyesha nyota ambazo zimetua zamani sana, nyingine zikiwa zimekwisha kuzimika kabla nuru yake haijafika. Hoja ya Ibrahim haikupungua kwa hilo. Imeongezewa mashahidi.

Kujua jinsi kitu kilivyofanyika hakumwondoi mwenye kukifanya. Nimekueleza jinsi darubini ilivyotengenezwa, kioo kwa kioo na tabaka kwa tabaka. Je, kwa maelezo hayo umedhani kwamba haina mtengenezaji?

Kundi la pili ni la watu wa dini, nao yatupasa kuwaonya kwa ukali ule ule. Webb ilipoanza kazi iliona galaksi za mwanzo zenye mng'ao mkubwa na wingi kuliko ilivyotazamiwa. Wanasayansi hawakuficha jambo hili. Walilitangaza, nao wanaendelea kujadiliana sababu zake. Lakini katika mwezi wa Agosti 2022 ukavuma uvumi kwamba darubini imeibomoa elimu yote ya kutanuka kwa ulimwengu, na maneno ya mwanasayansi mmoja yakachukuliwa yakageuzwa maana. Baadhi ya waumini wa dini mbalimbali wakaushangilia uvumi huo na kuueneza, kwa sababu tu waliona unawafaa. Habari haikuwa ya kweli. Galaksi zile zilileta maswali juu ya jinsi nyota za kwanza zilivyokua, lakini hazikukanusha kutanuka kwa ulimwengu.

Mtu mwenye kueneza uvumi ili kuitetea dini ameikosea dini hiyo. Ameifanya ionekane kwamba kweli yake haisimami ila kwa magongo ya kuazima. Na kijana aliyeaminishwa kwa uvumi, siku atakapoujua ukweli ataitupa na imani pamoja nao. Mzigo wa kijana huyo utakuwa juu ya nani?

JOTO LA NAFSI

Tumefika kwenye somo lenyewe. Makundi haya mawili, ijapokuwa yanapingana, yana ugonjwa mmoja. Kila moja lilitazama mbinguni likiwa na joto lake, likaona mwako wake wenyewe, likadhani ni nuru iliyotoka mbali.

Nafsi ya mwanadamu ina joto. Hasira ni joto. Kiburi cha elimu ni joto. Mapenzi ya desturi za ukoo ni joto, na hamu ya kushinda katika mabishano ni joto kali kuliko mengi. Mtu akiisoma Kurani Tukufu huku moyo wake unawaka kwa kutafuta makosa, ataona makosa aliyokwenda nayo. Na mtu akiisoma ili apate tu maneno ya kumpigia jirani yake, huyo naye atayaona hayo tu.

Mfano bora wa moyo uliopoa tunaupata kwa Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.). Alikuwa na mtoto mdogo jina lake Ibrahim, aliyezaliwa katika uzee wake, naye alimpenda sana. Mtoto huyo akafa mjini Madina kabla hajatimiza miaka miwili. Mtume (s.a.w.) alilia kwa machozi. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya msiba wa Mtume. Fikiri, ndugu yangu, jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi kukubaliwa. Yeye hakuyatunga, watu waliyasema wenyewe. Yangemtukuza mbele ya rafiki na adui, na yangemfariji baba mwenye huzuni. Angenyamaza tu, yangeenea Arabuni kote. Lakini hakunyamaza. Aliwasalisha watu, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa au kuishi kwa mtu yeyote.

Hakuna joto lililo kali kama joto la baba aliyetoka kumzika mtoto wake. Na katika saa ile ile aliitazama mbingu ikiwa safi, kama ilivyo, bila kuichanganya na msiba wake. Mwongo huupokea uthibitisho wowote unaomjia. Mkweli huukataa uthibitisho wa uongo hata ukimfaa. Wewe unayeuchunguza ukweli wa Mtume huyu, ipime siku hiyo moja kwa uadilifu, kisha uamue.

JUA LIWE NYUMA YAKO

Je, twasema kwamba mtu auue moyo wake, asipende wala asihuzunike? La hasha. Tazama tena darubini. Upande ule unaopigwa na jua ndipo yalipo mabamba yanayokusanya nguvu ya umeme, na ndipo ilipo antena inayozungumza na dunia. Darubini hailichukii jua. Bila jua ingekufa. Imeliweka tu mahali pake, likawa nyuma, likatoa nguvu bila kupofusha jicho.

Neno hili nalisema hasa kwa wale waliosilimu karibuni. Baadhi yao hudhani kwamba kuipata nuru ni kuwakatia jamaa wote, kuwabeza wazazi na kuwatukana waliobaki katika dini ya zamani. Hilo nalo ni joto, hata likivikwa kanzu ya bidii. Mama yako aliyekulea si adui wa imani yako. Mheshimu, mtumikie, mletee sukari na mpelekee kuni. Kurani imekuamuru kukaa na wazazi kwa wema hata wakiwa hawakubaliani nawe. Usimruhusu tu yeyote, awe mzazi, rafiki au mkuu, akae mbele ya jicho lako mahali pa kweli. Mapenzi yao yawe nyuma yako, yakupe nguvu.

Na kwa yule ambaye bado anatafuta, namwambia: usilazimishwe kwa kelele, wala usikatae kwa kelele. Chukua muda. Amka usiku wakati watu wamelala na nyumba imepoa, umwombe Mola wako akuonyeshe njia iliyonyooka, hata kama huna yakini bado kwamba anakusikia. Kisha soma, na ukutanapo na neno linalokuudhi usilitupe siku hiyo. Liache mpaka hasira ishuke, ndipo ulirudie. Kurani ilimwita mtu atazame mara mbili, haikumwita atazame mara moja.

Tena iko kinga ambayo Mwislamu amepewa kila siku. Swala ni tano, nazo hazikuwekwa pamoja kwa wakati mmoja, bali zimeachiana nafasi tangu alfajiri hata usiku. Sisemi kwamba wahandisi wa Webb waliweka matabaka 5 kwa ajili ya swala. Nikisema hivyo nitakuwa nimefanya lile lile nililolikataza. Nasema tu kwamba mwenye kuswali kwa unyenyekevu anajua mwenyewe jinsi hasira ya asubuhi inavyopungua adhuhuri, na iliyosalia adhuhuri inavyopungua alasiri, hata anapolala imebaki kidogo ya kuweza kusamehewa.

Mwezi Mei 2022 kimondo kidogo, kama chembe ya mchanga, kiliipiga Webb na kukiumiza kioo kimoja. Mafundi walikirekebisha kile kioo kwa kadiri ilivyowezekana, na darubini ikaendelea na kazi ikiwa na kovu lake. Mtafuta kweli naye atapigwa. Asivunjike moyo kwa kovu moja. Jambo la kuogopa ni kugeuka tu.

Ee Mwenyezi Mungu, utupoze nyoyo zetu tupate kuiona nuru Yako kama ilivyo. Utuepushe na kiburi cha wenye kujua kidogo, na woga wa wasiotaka kujua. Uwaongoze wanaotafuta, uwathibitishe waliopata, na uturuzuku ukweli hata pale unapotushinda sisi wenyewe. Amin.